Dhana na Yakini katika Uji wa Mtoto

Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama, ambayo tangu kuzaliwa kwake yamekuwa chakula chake na kinywaji chake, hayatoshi tena peke yake kumpa nguvu na madini ya chuma ambayo mwili wake unayataka. Na hapo ndipo, kwa shauri la Shirika la Afya Duniani, kijiko cha kwanza cha uji hupelekwa kinywani mwake, huku akiendelea kunyonya mpaka atimize miaka miwili au zaidi. Siku hiyo ni ya furaha nyumbani, lakini aghalabu furaha yenyewe haikai sana kabla shaka haijabisha hodi. Mtoto ameamka na vipele shavuni, au ametapika baada ya kula, au choo chake kimegeuka rangi. Na papo hapo nyumba nzima huwa baraza la hukumu. Bibi husema ni yai, shangazi husema ni karanga, jirani aliyepita kuazima kinu husema ni jicho la watu, na mama, ambaye ndiye mwenye kukesha, hubaki hajui amsadiki nani. Kusudi la makala haya ni kuonyesha jinsi dhana ya namna hiyo inavyoweza kupimwa kwa utaratibu, hata katika nyumba iliyo mbali na maabara, ili mtoto asidhuriwe na chakula kisichomwafiki, wala asinyimwe chakula chenye manufaa kwa kosa ambalo hakikulitenda.

Mzio, au aleji kama wengi wasemavyo, ni hali ambayo kinga ya mwili, iliyoumbwa ipambane na vijidudu vya maradhi, hukidhania chakula kisicho na ubaya kuwa ni adui na kukishambulia. Mwaka 1902 mtaalamu wa Kifaransa Charles Richet na mwenziwe Paul Portier, waliokuwa wamesafiri katika jahazi la fahari la Mwanamfalme Albert wa Monaco wakichunguza sumu za viumbe vya baharini, waliona ajabu ambayo hawakuitarajia: mbwa aliyedungwa sumu kidogo akapona, alipodungwa tena kiasi kidogo baada ya majuma machache, hakuwa mstahamilivu zaidi kama walivyodhani, bali alikufa kwa muda mfupi. Kwa uchunguzi huo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Na jina la aleji lilitungwa mwaka 1906 na tabibu wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Funzo la mbwa yule linamhusu kila mama: mwili hujifunza uadui kabla ya kuuonyesha, kwa hiyo chakula kilicholiwa juzi bila tatizo chaweza kuleta tatizo leo. Tena siku hizi matabibu wanajua kwamba mtoto mwenye ukurutu mkali, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, huweza kujifunza uadui huo kwa njia ya ngozi yake iliyochubuka, kabla chakula hakijagusa ulimi. Na ndiyo maana wapo watoto ambao hudhurika siku ile ile wanayoonja kitu kwa mara ya kwanza.

Karibu chakula chochote chenye protini chaweza kuleta mzio, lakini vilivyo mashuhuri kwa jambo hilo ni vichache: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, soya, ngano, ufuta, samaki, na wale wa magamba kama kamba na kaa. Msomaji na aishike vema orodha hiyo, kisha atazame jinsi uji wa lishe unavyotengenezwa katika miji yetu. Mama huenda sokoni akanunua mahindi, mtama, ulezi na mchele; muuza nafaka humshauri aongeze soya na karanga ili mtoto apate nguvu; shoga yake wanayekutana naye njiani humkumbusha ngano na ufuta; na wapo wanaotia dagaa wakavu juu ya hayo yote. Nafaka huoshwa na kuanikwa, karanga na soya hukaangwa, kisha vyote humiminwa pamoja katika mdomo wa mashine ya kusaga, vikatoka unga mmoja wa rangi ya kahawia hafifu, wenye harufu ya kupendeza, ambao hakuna jicho wala ulimi uwezao kueleza kilichomo ndani yake.

Nia ya unga huo ni njema, na watoto wengi wamenenepa kwa uji wake. Lakini katika vitu tisa vilivyoingia mashineni, vitano ni katika wale mashuhuri tuliowataja, na mtoto amekutanishwa na wote asubuhi moja katika bakuli moja. Akitoka vipele, nani ashikwe? Soya, karanga, ngano, ufuta na dagaa wote walikuwapo, na kila mmoja aweza kumsingizia mwenziwe. Maadamu hakuna njia ya kuwatenga, nyumba nyingi huwahukumu wote kwa pamoja: unga hutupwa, au hupewa kuku, na mtoto hurudishwa kwenye uji mtupu wa mahindi, ambao hujaza tumbo bila kujenga mwili. Dawa ya taabu hiyo ni nyepesi wala haina gharama kubwa. Nafaka na isagwe peke yake. Karanga, soya na ufuta zisagwe au zitwangwe mbali, kila moja katika kopo lake. Na vitu hivyo viungane sufuriani kimoja baada ya kingine, kwa kadiri mtoto anavyovizoea. Na kwa kuwa mashine ya mtaani husaga karanga za mteja mmoja na mahindi ya mteja mwingine bila kufutwa katikati, mtoto ambaye mzio wake umekwisha kuthibitika afadhali unga wake utwangwe nyumbani.

Kabla chakula hakijashitakiwa, ni haki kutazama kwanza mambo yanayofanana na mzio ilhali sio. Katika miezi ya kaskazi, joto la pwani huwatoa watoto harara shingoni, makwapani na mapajani, nayo huisha kwa maji ya baridi na nguo nyepesi, hata kama mtoto hakubadilishiwa chakula. Maji ya nyanya, chungwa au nanasi huweza kuwasha ngozi laini ya kidevu pale yalipogusa, wekundu ukabaki pale pale, ukatoweka kabla ya adhuhuri. Huo ni mwasho wa asidi. Uji uliopikwa alfajiri ukakaa katika chupa mpaka alasiri huzaa vijidudu, na kuhara kunakofuata ni kosa la chupa, si la karanga. Kadhalika mtoto aliyetoka katika kuhara kukali huweza kwa siku chache kushindwa kusaga sukari iliyomo ndani ya maziwa, akajaa gesi na kuhara tena, kisha utumbo ukapona na maziwa yakakubali. Soya ambayo haikuiva sawasawa huchafua tumbo la yeyote. Na jodari au vibua waliokaa juani tangu chomboni mpaka sokoni huzalisha ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini, ile ile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, nayo haiondoki kwa kupikwa. Aliyewala huwa mwekundu usoni, akawashwa na kuumwa kichwa kabla ya saa moja kupita. Hapa swali moja latosha kupambanua: je, wengine waliokula samaki yule wamepatwa? Mzio humchagua mtu mmoja katika sinia, ilhali samaki aliyeharibika hana upendeleo.

Mzio wa kweli una tabia zake, na iliyo kubwa kuliko zote ni uhusiano wake na saa. Ule wa haraka hujitokeza baada ya dakika chache, na kwa kawaida haupiti saa mbili tangu mtoto ale: ngozi huinuka mabaka yenye kuwasha, mfano wa alama za kuumwa na mbu, ambayo huhama kutoka tumboni kwenda mgongoni, midomo na kope huvimba, mtoto hutapika kwa ghafula, na katika hali mbaya hukohoa, hupumua kwa mluzi, sauti yake hukwama, au hulegea na kupauka. Dalili za pumzi au za kulegea zikionekana, hata moja peke yake, pasiwe na mashauriano marefu: mtoto apelekwe hospitali kwa chombo cha kwanza kipitacho, akiwa amelazwa na asisimamishwe, naye mpelekaji aseme mlangoni kwamba ni mzio wa chakula, kwa kuwa dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini ya msuli wa paja, na manufaa yake hutegemea haraka. Dawa ya maji ya aleji inayouzwa dukani hupunguza kuwasha na mabaka, lakini haifungui koo lililofungwa wala haiinui damu iliyoshuka, basi isiwe sababu ya kuchelewa. Wala asinyweshwe mtoto maziwa au mafuta kwa kudhani kwamba anaoshwa sumu, na asipelekwe kwa mkata kimeo kwa ajili ya kikohozi. Kisu hicho huleta damu na maradhi, na hakijapata kuondoa mzio wa mtu yeyote.

Upo na mzio wa polepole, ambao ni mgumu zaidi kuutambua kwa sababu hauji na mabaka. Mtoto mmoja huonekana na nyuzi za damu katika choo, ilhali anacheza na kunyonya kama kawaida, na aghalabu sababu ni maziwa ya ng'ombe. Mwingine hula vizuri, kisha baina ya saa moja na saa nne hutapika mfululizo mpaka akapauka na kulegea, akadhaniwa ana malaria au amekula kitu kibovu. Naye hupona, na siku akila chakula kile kile mambo hurudi vile vile. Hali hiyo ya pili huweza kuletwa hata na wali, chakula ambacho hakuna bibi angekishuku. Wote wawili ni wa kupelekwa kwa tabibu, na zawadi iliyo bora ambayo mama aweza kumchukulia tabibu ni habari iliyo kamili ya alichokula mtoto, na saa aliyokila.

Sasa tuje katika jaribio lenyewe. Siku iwe ile ambayo mtoto ni mzima, hana homa wala mafua, wala si kesho yake baada ya chanjo. Na wakati uwe asubuhi, ili saa za kuangalia ziwe za mchana na usafiri upatikane ukihitajiwa. Tuseme kinachojaribiwa ni yai. Lichemshwe mpaka kiini na ute vikauke kabisa, kwa maana moto mwingi huzidhoofisha baadhi ya protini zenye kuleta mzio; liparazwe na kupondwa kwa maziwa ya mama kidogo mpaka liwe laini; kisha mtoto apewe kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, na asiongezwe kitu kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Mama atazame midomo, kope, tumbo na mgongo. Pakiwa salama, aongeze kidogo, aache, na atazame kwa saa mbili. Kesho yake kiasi kiwe kikubwa zaidi, na kesho kutwa vivyo hivyo, pasiingizwe kitu kingine kipya katika siku hizo mbili tatu. Na chakula kikishakubaliwa kisiachwe, bali kiendelee kuja mara kadhaa kwa juma, kwa sababu mazoea ndiyo yanayoutuliza mwili. Karanga nayo hufuata njia hiyo hiyo, ikiwa imesagwa ikawa laini na kukorogwa ndani ya uji, kwani karanga nzima yaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitano. Tena zichambuliwe moja moja, zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe, kwa kuhofia sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi.

Kila jaribio liandikwe: tarehe, saa, chakula, kiasi, kilichoonekana, na baada ya muda gani. Daftari la shule la kurasa chache latosha, na simu ya mkononi nayo ina kazi yake, kwa kuwa mabaka yaliyojaza tumbo saa tatu asubuhi huwa yametoweka saa sita zamu ya kuonana na daktari inapofika, na picha haisahau. Mtoto ambaye amekwisha kudhurika mara moja, au mwenye ukurutu mkali usiotulia, yeye asijaribiwe nyumbani kabla ya kuonwa na tabibu.

Katika nyumba zetu jaribio kama hili haliwezi kufanyika kwa siri, wala halifai. Bibi huweza kusema, "Mwanangu, sisi hatukuwapa watoto mayai kabla hawajasema, mayai humfunga mtoto ulimi." Kumkatalia kwa ukali ni kumwondoa msaidizi aliye bora. Mke wa mwana mwenye adabu hujibu, "Ni kweli mama, na mimi naogopa, ndiyo maana nampa kidogo sana, nakuomba ukae nami umtazame, maana wewe umelea wengi." Basi bibi huvuta mkeka, akamweka mjukuu mapajani, akamfunua kanzu na kumkagua mgongo kwa jicho lililoona surua na tetekuwanga za miaka mingi, na kutoka hapo mpinzani wa jaribio huwa ndiye shahidi wake.

Wala tusimlaumu bibi kwa kuhofia mayai, maana matabibu wenyewe waliwahi kuhofia kuliko yeye. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwashauri wazazi wa watoto waliozaliwa katika jamaa zenye mzio wacheleweshe maziwa ya ng'ombe mpaka mwaka mmoja, mayai mpaka miaka miwili, karanga na samaki mpaka mitatu. Mwaka 2008 shauri hilo liliondolewa kwa kukosa ithibati. Mwaka huo huo tabibu Gideon Lack wa London na wenziwe walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli, wakaona kwamba mzio wa karanga ulikuwa mara kumi zaidi Uingereza, ambako karanga zilicheleweshwa, kuliko Israeli, ambako watoto huzila tangu uchanga. Ndipo wakachukua watoto 640 wa miezi minne hadi kumi na mmoja, wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, nusu wakalishwa karanga na nusu wakazuiliwa mpaka umri wa miaka mitano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: katika waliozuiliwa, mzio wa karanga uliwapata 17 kwa mia, katika waliolishwa, uliwapata 3 kwa mia. Hadhari iliyodhaniwa kuwa ngao ilikuwa ndiyo mlango.

Kuna na hasara nyingine ya kukihukumu chakula kwa dhana, nayo ni karibu zaidi na sisi. Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila mia walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi yenye hesabu kama hiyo, kumwondolea mtoto yai, maziwa, samaki na karanga kwa sababu ya kipele kimoja kisichojulikana asili yake ni kumtoa kwenye hatari ya kudhaniwa na kumtia katika hatari ya yakini. Na mama anyonyeshaye, naye huambiwa aache hiki na kile mpaka akadhoofu mwenyewe, ilhali ni mara chache tu tabibu huona lazima ya kumzuilia kitu, na akimzuilia humwekea muda wa majuma mawili hadi manne, kisha kitu hicho hurudishwa makusudi ili ionekane kama dalili nazo zitarudi. Wapo pia wanaokimbilia maziwa ya mbuzi wakidhani ni salama kwa mtoto aliyekataa ya ng'ombe. Lakini protini zake zinafanana mno, na mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe aghalabu huwa na mzio wa ya mbuzi pia. Wengine huogopa chanjo ya surua kwa kusikia kwamba hutengenezwa kwa yai; mtoto mwenye mzio wa yai huipata chanjo hiyo kwa salama, na kuikosa ndiyo hatari.

Vipimo vipo katika baadhi ya hospitali kubwa na maabara za mijini, ama kwa kuchoma ngozi penye tone la chakula, ama kwa kupima katika damu protini ya kinga iitwayo imunoglobulini E, iliyogunduliwa mwaka 1966 na mume na mke wa Kijapani, Kimishige na Teruko Ishizaka. Hata hivyo kipimo peke yake hakitoi hukumu, kwa kuwa watoto wengi ambao kipimo chao husema ndiyo hula chakula kile bila dhara lolote. Kipimo husaidia pale tu kinapoungana na habari ya kweli ya mtoto, ndiyo ile iliyo katika daftari. Anayelipia karatasi yenye majina thelathini ya vyakula, akarudi nyumbani na kumkataza mtoto kumi na vitano, amenunua njaa kwa fedha yake.

Na mzio ukithibitika, uwe na mipaka miwili. Wa kwanza ni watu: shangazi, dada wa kazi, mwalimu wa chekechea na mwenye nyumba ya karamu wote wajue jina la chakula kile na la kufanya kikiliwa, kwa sababu mtoto wa Kiswahili halishwi na mama yake peke yake. Wa pili ni muda. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huuacha kadiri wanavyokua, ingawa wa karanga huachwa na wachache, kiasi cha mmoja katika watano, na wa samaki huelekea kudumu. Kwa hiyo mzazi asiliweke katazo kama mirathi. Kila mwaka amuulize tabibu kama wakati wa kulijaribu tena umefika, jaribio hilo lifanyike hospitali mbele ya wenye sindano na ujuzi, na likifaulu, chakula kile kirudi katika sahani ya mtoto siku hiyo hiyo.